Mpira Usirudi kwa Kipa

Watu wengi wanadhani kazi ya kipa ni kudaka. Wanakosea, na mimi nimechoka kuwasahihisha. Kazi ya kipa ni kupiga kelele. Kudaka ni mara chache tu katika mechi nzima. Muda mwingine wote mtu huyo amesimama peke yake mbele ya nyavu anawapanga wenzake kwa sauti: toka, rudi, una mtu nyuma, acha, huo wangu. Ni yeye peke yake anayeuona uwanja wote, na wale wengine wote wamempa mgongo. Akinyamaza, mabeki wanaanza kugongana wao kwa wao.

Mdogo wangu alizaliwa na kelele hizo. Tumezaliwa wawili tu, mimi nikiwa mkubwa, kwa hiyo ninajua ninachosema. Alikuwa hawezi kukaa mezani bila kutupanga: mama sogea huku, dada pisha hapo, sahani ile ipite kushoto. Marehemu baba alikuwa akisema mtoto huyu ama atakuwa mwanajeshi ama atapigwa na watu. Akawa kipa. Mashabiki walimpa jina la Kufuli kwa sababu golini kwake hapakuwa na njia, na jina likanata hata mama akawa analitumia akiwa na furaha. Alikuwa kipa namba moja wa klabu kubwa, anatambulika barabarani, na bado alikaa nasi kwenye chumba cha uani. Alisema nyumba nyingine zote hazina mtu wa kugombana naye asubuhi. Mtu huyo ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na mashine yangu imetazama dirisha la barabarani, hivyo anayeingia na anayetoka lazima nimwone. Ndivyo nilivyoanza kuona. Anatoka asubuhi na begi lake la mazoezi, anaingia kwenye gari, na gari haliwaki. Nashona kola, naiweka, nachukua nyingine, yeye bado amekaa pale, mikono kwenye usukani, vioo vimepandishwa na jua linawaka. Baadaye anajifuta uso na kuondoka. Siku moja nilimuuliza alikuwa anafanya nini mle ndani muda wote ule. Akasema alikuwa anaongea na simu. Simu yake ilikuwa mezani kwangu, inachaji.

Uwanjani nako nikaanza kusikia kimya. Sikosi mechi za nyumbani, nakaa jukwaa la nyuma ya goli, na sauti yake naijua hata watu elfu ngapi wakipiga mayowe. Ikawa haisikiki. Nahodha wa timu, ambaye ni beki wa kati, mrefu, mpole, mtu aliyekula kwetu mara nyingi na kuniita dada, alikuwa anageuka nyuma na kufungua mikono kama kumwambia, sema basi. Mdogo wangu anatikisa kichwa kukubali, halafu hasemi.

Nilimbana siku ya mapumziko. Alikuwa uani anafua glavu zake kwenye beseni, zimekwishatakata kitambo, yeye bado anasugua.

"Una nini wewe?" nikamuuliza. "Na usiniambie simu."

"Dada, mpira ukija siogopi," akasema. "Ukija naujua. Taabu ni ukiwa kule mbali. Nikisimama pale peke yangu, kichwa kinaanza kunisema."

"Kinakusema nini?"

"Kwamba mimi si kitu. Kwamba watu wote hawa wamekuja kuniangalia nikianguka. Moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi. Nikirudi nyumbani hakinyamazi. Nikilala naomba nisiamke."

Alisema hilo la mwisho huku anaendelea kusugua, bila kuninyanyulia macho. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia. Nikafanya la pili, glavu na maji ya sabuni vikiwa katikati yetu, blauzi yangu ikalowa yote. Nilimwambia tumtafute daktari. Akasema daktari wa klabu akijua, kocha atajua, na kocha akijua yeye atakaa benchi mpaka asahaulike. Basi tukakubaliana tutafute wa nje, kimya kimya.

Kabla hatujampata, akasema mbele ya kila mtu. Timu ilikuwa imecheza ugenini na kushinda, yeye akiwa amepangua penalti. Mimi na mama tulikuwa sebuleni tunatazama televisheni. Mwandishi akamsogezea kipaza sauti na kumuuliza lile swali lao la siku zote, siri ya kiwango chake ni nini.

"Hakuna siri," mdogo wangu akasema. "Mimi naumwa. Mwili ni mzima, akili ndiyo inayoumwa. Kabla ya mechi hii nilikuwa chooni nalia, na si leo tu. Nasema leo kwa sababu tumeshinda. Ningesema siku tumefungwa mngeona natafuta kisingizio. Nimechoka kuficha. Naomba nisaidiwe, na kama kuna mwenzangu anapitia haya, ajue hayuko peke yake."

Mama akanyanyuka, akazima televisheni.

"Ametutangaza," akasema. "Sasa kila mtu anajua tuna mgonjwa wa akili ndani ya nyumba."

"Mama, afadhali wajue tunaye," nikamjibu, "kuliko waje kutuuliza alikuwa na nini."

Alinielewa. Alikaa chini taratibu, akavuta kanga begani na kuanza kulia, na tangu siku ile sikumsikia tena akiona aibu kwa jambo hilo.

Kwa muda tulikuwa watu maarufu. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakakaa na nyuso za msibani, wakampa mama pole kwa sauti ya chini huku marehemu mwenyewe akipita na taulo kwenda kuoga. Redioni alisifiwa, akaitwa jasiri, mfano wa kuigwa. Wachezaji wa timu nyingine walimpigia simu. Mmoja alilia kwenye simu kwa muda mrefu, mdogo wangu akimsikiliza tu na kusema, "Ndiyo, ndugu yangu. Ndiyo." Siku hiyo nilimwona ana amani usoni, na niliamini amefanya jambo kubwa. Bado naamini. Kinachoniuma ni kilichofuata.

Kilichofuata kwanza kilikuwa msemaji wa klabu. Huyu ni bwana wa suti na marashi, anayeweza kuhutubia hata kabati. Alikuja nyumbani na mpiga picha, akamkalisha mdogo wangu karibu na cherehani yangu kwa sababu mwanga wa dirishani ulimpendeza.

"Tazama chini kidogo," akamwelekeza. "Huzuni, lakini yenye matumaini. Dada, samahani, ungesogea, unaonekana umekasirika."

Nilikuwa nimekasirika. Lakini nilisogea. Picha ile ikawekwa kwenye bango kubwa langoni mwa uwanja, na chini yake maandishi: KUFULI LIMEFUNGUKA. Wakachapisha na fulana. Tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tukajiona tunang'aa. Mimi mwenyewe nilivaa fulana ile kwenda sokoni nikitembea kifua mbele.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Klabu ilimpa mapumziko na ikampatia mshauri, mwanamke mtaratibu mwenye ofisi juu ya duka la dawa, ngazi zake za nyuma zinatokea kwenye kichochoro. Daktari naye akampa vidonge. Mwanzoni alikuwa analala mchana kutwa, midomo imemkauka, anaongea kama mtu aliyepo chumba kingine. Mama alikuwa anamfungulia mlango kila mara kuhakikisha anapumua, na akimkuta macho anajifanya ameingia kutafuta kitu. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kurudi. Akaanza kukimbia asubuhi. Akaanza kunichokoza. Siku moja nilikuwa jikoni nimelipa jiko mgongo, nabishana na mama, ikaja sauti kutoka mlangoni ya kupasua masikio:

"Dada, maziwa! Nyuma yako!"

Nikageuka nikayawahi maziwa, nikamtukana tusi moja refu, na wote watatu tukacheka mpaka mama akashika ukuta. Kelele zilikuwa zimerudi. Ndugu yangu alikuwa amepona, au alikuwa amepona kiasi ambacho binadamu yeyote amepona.

Akarudi mazoezini. Kocha alimwita pembeni na kumwambia bila kuzunguka: mkataba wako unaisha na msimu huu. Nitakupanga mechi moja kabla haujaisha. Ukisimama sawasawa, wewe ni kipa wangu tena. Usiposimama, sina la kukusaidia. Mdogo wangu alinieleza hayo akiwa anatabasamu.

"Huoni amekutia kitanzini?" nikamuuliza.

"Ni haki yake, dada. Ndivyo kazi ilivyo. Mechi moja inanitosha."

Sasa, kwa asiyefuatilia mpira, nieleze kitu kimoja. Kipa wa siku hizi hadaki tu, anacheza na miguu pia. Beki akibanwa, anamrudishia kipa mpira, na kipa aliyeona uwanja wote anautuma kwa mtu aliye huru. Timu nzima ya kocha yule ilijengwa hivyo. Mpira ulikuwa unapita kwa mdogo wangu kila wakati, na yeye alikuwa na miguu mizuri kuliko viungo wengine wa katikati ya uwanja.

Siku ya mechi nilikaa mahali pangu nyuma ya goli, mama kando yangu ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Tangu mwanzo nilimsikia. Toka. Kulia. Rudi. Sauti ile ile ya mezani kwetu. Nikamfinya mama, mama akanifinya. Alipangua shuti la kwanza kwa ncha za vidole, akairukia kona akaitoa kwa ngumi, na wakati mpira uko kule mbali nilimwangalia yeye tu. Alikuwa anatembea mstarini, anazungumza, mikono inafanya kazi. Hakuwa anaogopa. Mimi namjua, hakuwa anaogopa.

Lakini mpira ulikuwa haurudi kwake. Mwanzoni nilidhani ni bahati tu. Kisha nikaanza kufuatilia. Beki wa kulia anabanwa, kipa yuko wazi, anamwita, beki anaupiga mpira nje. Beki wa kushoto vivyo hivyo. Nahodha aligeuka, akamwona mdogo wangu kabisa, macho kwa macho, akageuka tena na kuubutua mbele kwa maadui.

"Mbona hawampi?" mama akauliza. Hata mama, ambaye mpaka leo hajui kuotea ni nini, aliona.

Wapinzani nao waliona. Timu isiyorudisha mpira kwa kipa wake ni timu yenye ukuta nyuma ya mgongo, unaisogelea tu mpaka ikwame. Wakaanza kuwakimbilia mabeki wetu kama wezi. Nahodha akapata mpira karibu na boksi letu, wawili wakamvaa. Mdogo wangu alikuwa hatua chache kutoka kwake, mikono wazi, anapiga kelele jukwaa zima linasikia:

"Nipe! Nipe mimi!"

Nahodha akajaribu kugeuka na kuwapiga chenga. Nahodha hana chenga, hajawahi kuwa nayo. Akanyang'anywa, na yule aliyemnyang'anya akabaki na kipa uso kwa uso. Goli. Kipindi cha pili beki wa kushoto naye akabutua kwa upofu, mpira ukaangukia mguuni mwa mtu aliyeupiga hapo hapo kutoka mbali. Goli la pili. Kati ya hayo mdogo wangu aliokoa mashuti ambayo siku nyingine yangempa picha gazetini, na hakuna aliyeyakumbuka.

Kipenga cha mwisho kilipolia, watu walianza. Kufuli limepoteza ufunguo. Mrudisheni wodini. Huyo ni wa kufungwa yeye. Mbele yangu palikuwa na mwanamume mzima anayepayuka hayo mpaka mishipa ya shingo imemsimama, amevaa fulana yenye uso wa mdogo wangu. Nilimgusa bega nikamwambia aivue. Akanitazama kama mwenye kichaa ni mimi, na wakati ule sikuwa mbali nacho. Mama alinivuta mkono.

Kocha alimaliza shughuli pale pale, kwenye ujia wa vyumba vya kubadilishia nguo. "Makosa makubwa hukufanya," alimwambia. "Lakini nimeona kwa macho yangu, mabeki wako hawana imani na wewe. Kipa asiyeaminiwa na mabeki wake siwezi kumpanga."

Mdogo wangu alirudi nyumbani, akaoga, akala, akaosha sahani yake. Kisha akaja kukaa karibu na mashine yangu na kuuliza swali ambalo alikuwa amelibeba njia nzima.

"Dada, niambie kweli. Nilikuwa na sura gani pale? Nilitisha? Kwa nini hawakunipa mpira?"

Jibu lilikuja kesho yake, limebeba mfuko wa machungwa. Nahodha alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamemfika kifuani, na mimi nikaendelea kushona kwa sababu nilikuwa sijui kama nimkaribishe au nimfukuze.

"Dada, nataka ujue sisi tulijitahidi," akasema. "Kabla ya mechi, yeye akiwa kwa daktari anafungwa vidole bandeji, niliwaita wenzangu. Nikawaambia, jamani, ndugu yetu ametoka kuumwa, tusimtwishe mzigo. Leo tucheze kwa ajili yake. Mpira usirudi kwa kipa. Wote wakakubali, hakuna aliyebisha. Wengine walilia."

Mguu wangu uliacha kukanyaga mashine.

"Mlikubaliana," nikasema.

"Tulitaka kumlinda. Tuliona akipewa mpira akakosea, atarudi kule kule. Mimi nisingejisamehe."

"Na yeye mlimwambia?"

"Angekataa, dada. Unamjua."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa korido. Sijui alikuwa pale tangu lini, lakini uso wake ulinitosha kujua amesikia. Sikuwahi kumwona hivyo hata siku zile mbaya.

"Nilikuwa mzima," akasema. "Jana nilikuwa mzima. Nilikuwa nakuiteni kwa sababu nilikuwa mzima."

Machozi yakamtoka nahodha, mtu mzima yule, na mimi sikumwonea huruma hata tone. Nia njema. Kila mtu alikuwa na nia njema. Msemaji na bango lake, majirani na nyuso zao, mabeki na machozi yao kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alipokuwa anakufa ndani kwa ndani, walimrudishia mpira kila dakika na hakuwaangusha. Alipopona wakamnyima. Adui angemfanyia nini zaidi ya hapo? Nilimwambia nahodha yote hayo, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, halafu nikamwambia anyanyuke aende kwa kocha akaseme alichofanya.

Namshukuru kwa hilo, alikwenda. Alirudi jioni ile ile na jibu. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: "Kama mlikaa mkakubaliana kumficha, basi hamkumwamini. Ndicho nilichosema."

Msimu ukaisha, mkataba ukaisha nao. Wakati huo huo msemaji akafika tena, marashi yakimtangulia. Alisema klabu inasikitika sana, na kwamba uzinduzi wa kampeni yao ya afya ya akili uko pale pale, mabango ya mwaka mpya yameshachapishwa, je, shujaa wetu angekubali kuja kusema maneno machache. Nilimuuliza maneno gani.

"Umuhimu wa kusema," akajibu, wala hakupepesa.

Nilichukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa. Sikuwa na nia ya kumfanya chochote, nilitaka kukata kitambaa, lakini yeye hakungoja kujua.

Klabu nyingine zilipiga simu, na simu zote zilikuwa moja. Wanasifia kwanza, kisha sauti inashuka: yale matatizo yake yakoje sasa? Amepona kabisa? Kuna daktari anayeweza kusimama na kusema hayatarudi? Hakuna daktari anayeweza kusema hivyo kuhusu mafua, lakini makipa wenye mafua wanapangwa kila wiki. Baada ya muda simu zikaacha kuja. Leo mdogo wangu anafanya kazi na mimi. Anakata, anapiga pasi, anafunga mizigo ya sare. Anakunywa vidonge vyake, anakwenda kwa mshauri wake, analala vizuri. Ni mzima kuliko wengi wanaocheza, na ugonjwa wake ndio jina lake. Mteja akiingia anamtazama, ananigeukia mimi na kuuliza kwa kunong'ona, "Anaendeleaje?" Nawajibu kwamba anaendelea kuwazidi urefu.

Msimu mpya ulikuwa umeshaanza nahodha alipokuja tena. Nilimwona dirishani, amesimama upande wa pili wa barabara kama mtu aliyesahau anwani. Amepungua, shati linamwelea. Aliingia, akanisalimia, nikaitikia shingo upande. Akamwomba mdogo wangu waongee. Mdogo wangu alikuwa anapiga pasi, hakuiweka chini.

"Ongea. Dada yangu si mgeni kwako."

Nahodha alikaa. Mikono akaibana katikati ya magoti.

"Tangu mechi ile silali," akasema. "Nikipewa mpira, miguu inakuwa si yangu. Natapika kabla ya mazoezi. Juzi nilikaa kwenye ngazi za nyumbani kwangu, mke wangu akaniita, nikawa namsikia na siwezi kumjibu. Nimekuja kukuuliza. Wewe ulianzaje kusema?"

Nilisubiri mdogo wangu amfukuze. Nakiri nilitamani kuliona hilo. Yeye akachomoa pasi ukutani, akaisimamisha, akavuta kigoda na kukaa karibu naye.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mke wangu anahisi. Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi iishie hapa. Yule mshauri wangu utamwona. Nitakupeleka mwenyewe, tunapita ngazi za nyuma. Ukimwambia kila kitu utapata nafuu, nakuapia. Lakini klabuni usiseme neno."

"Itanibidi nipumzike. Nitawaambia nini?"

"Sema umeumia nyama za paja. Nyuma, karibu na kalio. Pale hata wakipiga picha hawana uhakika, na daktari lazima auamini mdomo wako. Watakupa muda wote unaoutaka, watakuja kukuona, na ukirudi watakupa mpira."

Nilidhani nahodha atakataa, na sehemu yangu ilimwomba akatae. Akauliza, "Paja la mguu upi?"

"Kushoto. Simama tuone."

Akasimama. Akatembea kutoka kwenye meza ya kukatia mpaka mlangoni, anaburuta mguu, anabana meno, mkono kiunoni. Mdogo wangu, yule aliyesimama mbele ya kamera zote na kusema ukweli wake, akatikisa kichwa.

"Unachechemea sana. Mtu anayeumia kweli anajitahidi asionekane. Hilo unalijua wewe mwenyewe. Punguza. Daktari akikubonyeza usipige kelele, kunja uso kidogo tu, sema ni hapo. Rudia."

Nahodha akarudi kwenye meza na kuanza upya. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nalo neno mdomoni, neno zuri la kwenye bango, nikawatazama wale wanaume wawili na sikupata pa kulianzia. Nikainuka, nikasogeza kapu la vitambaa ukutani, apate nafasi ya kupita.